Firigisi ya Kuku wa Moshi

Siku ile nilifika nyumbani miguu imevimba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati, na jua la Oktoba hapa Lubumbashi halimhurumii anayetembea. Sikutaka kupika. Nilitaka kujilaza sakafuni na viatu vyangu miguuni. Lakini kikapuni mlikuwa na nusu ya kuku wa moshi, na kuku huyo nilimnunua kwa sababu maalumu.

Mume wangu alisimamishwa kazi mgodini mvua zilipokwisha, na tangu hapo akaacha kula nasi. Kila jioni tukitenga bukari, ugali wetu, yeye husema, “Nilisha kula kule,” kisha hutoka kukaa nje. Kule wapi? Hakuna kule. Alikuwa anakonda, suruali anaifunga kwa kamba. Alikuwa anaona haya kula chakula asichokileta. Nilimwonea huruma, na tena alinichosha.

Kuku yule alitoka kwa mama mmoja wa Kasenga anayekausha samaki. Kuku huwaweka juu ya moto uleule, basi nyama inanukia samaki kidogo, na kipande kimoja kinatosha kutia ladha sufuria nzima. Nilimwomba nusu yenye firigisi. Akanicheka. “Unaogopa bwana yako, eh?” Yeye huifunga ndani kwa uzi ili isipotee, maana anajua: kwetu kuku akifika mezani bila firigisi, mke ana kesi ya kujibu mpaka kwa wakwe. Firigisi ni ya baba wa nyumba. Mtoto haigusi, mke haionji.

Umeme ulikuwa umekatika, basi nikawasha makala, yaani mkaa, kwenye mbabula, jiko letu la bati. Nikamchemsha kuku kwanza alainike, na maji yake sikuyamwaga, ndiyo mchuzi wenyewe. Nikakaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya mbili zilizoanza kulegea, nikatia pilipili moja nzima, kisha dengu, ambazo sisi tunaziita lantiye. Zinaiva upesi kuliko maharagwe, hazimalizi makala. Binti yangu akachungulia sufuriani, akauliza hayo matope ni ya nani. Nikamwambia asonge bukari na aache maneno.

Tulipotenga, mume wangu akasimama. “Nilisha kula kule.”

“Ikala,” nikamwambia.

Akakaa. Nikamwekea sahani yake, firigisi juu kabisa ya lantiye, watoto wote wanaona. Nilijua hawezi kuikataa mbele yao, maana kuikataa ni kusema yeye si baba tena. Ndivyo nilivyopiga hesabu zangu.

Aliitazama kwa muda. Kisha akaichukua kwa vidole viwili, akaiweka kwenye sahani yangu. “Kula we, mama ya batoto. Ni we uko unatulisha mu hii nyumba.”

Watoto wakaacha kutafuna. Huenda mwanamke mwingine angeona ni heshima. Mimi nilitaka kulia, lakini hasira ikatangulia.

“Nimechoka,” nikasema. “Nafundisha, napika, nafua, na hiyo yote nitaweza. Lakini kuwa baba ya hii nyumba, hapana. Siwezi. Usiniongezee mzigo.” Nikairudisha firigisi kwenye sahani yake.

Nilidhani atatoka nje kama siku zote. Akainamisha kichwa, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole mpaka ikaisha. Kisha akamega bukari, akachovya, akameza, akakunja uso.

“Hii lantiye haina chumvi,” akasema.

Sikuwa nimemsikia akilalamika juu ya chakula changu miezi yote ile. Nikainuka kwenda kuleta chumvi, magoti yananiuma, na huko jikoni nikalia kidogo kabla ya kurudi.