Uyoga wa Madam

Asubuhi, kabla ya kahawa, madam hukata kipande cha uyoga mkavu kwa mkasi wa kucha, kidogo kama punje ya mchele, akakimeza macho ameyafumba. Alikuja nao kutoka Ulaya, kauficha ndani ya kopo la majani ya chai, na nyumba nzima hapa mtaani Aziziya, Uarabuni, inajua ndiyo dawa yake ya huzuni. Vidole vyake ni vyembamba, sauti yake haipandi kamwe. Akijilaza, mumewe huvua viatu mlangoni, watoto hunong'ona, na Mwatime, mfanyakazi wao kutoka Kwale, huzima mashine ya kufulia. Uyoga wenyewe Mwatime hautamani. Kinachomchoma roho kwa wivu ni huzuni ile, inayotandikiwa ukimya kama kitanda cha mgonjwa. Siku mama yake Mwatime alipozikwa, madam huyuhuyu alimwambia kwa upole, "Pole. Yalla, haraka, wageni wako njiani," naye Mwatime akapiga pasi mpaka shuka la mwisho.

Leo madam amempa kisahani cha uyoga akioshe. "Una bahati, Mwatime. Moyo wako mwepesi. Sijawahi kukuona ukilia."

"Ndiyo, madam."

Akafungulia mfereji, maji yakapiga kelele nyumba nzima, na hakuyapunguza.