Picha Niliyoisafisha

Mteja asiyeomba apunguziwe bei namtilia shaka tangu anapotia mguu dukani. Nimezaliwa hivyo, na kuuza vipuri vya bodaboda hapa Kibiti kumenizidishia. Mtu anayenunua tyubu bila kunung'unika ana lake jambo: ama hela si yake, ama pikipiki si yake. Hata kamera yangu niliinunua Kariakoo kwa bwana aliyekubali bei yangu ya kwanza, na mwezi mzima niliificha ndani ya sanduku la nguo nikingoja mwenyewe aje na askari.

Hakuja mtu. Nikaanza kupiga picha, kwanza za kujifurahisha, baadaye za kulipwa. Sikusomea popote. Nilipiga watu na nguo zao za Idi, maharusi, mahafali ya madrasa, na mtoto mchanga aliyetoka hospitali ya Mchukwi akiwa na sura ya babu yake. Pembeni mwa kila picha niliweka namba yangu ya simu kwa rangi nyekundu, nikijiona mjanja wa matangazo.

Lakini kama mimi nawashuku watu, watu nao walinishuku mimi. Niliposhuka delta kupiga picha za mikoko, mwenye mtumbwi aliniuliza mara tatu nimetumwa na nani. Nilipomwambia sijatumwa na mtu, akazidi kunikazia macho. Kule Mahege mama mmoja alifunika sufuria yake nilipopita, kana kwamba kamera ingemlia mboga. Niliudhika, nikasema moyoni hawa hawajui kitu. Siku hizi nadhani walijua.

Yule bwana alikuja dukani siku za kufagia mashamba, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Alikuwa mtu mzima, shati limenyooshwa, viatu vinang'aa.

"Fundi," akaniambia, "nataka unipige nikiwa shambani kwangu, kule Dimani. Mikorosho yote ionekane."

Nikamtajia bei mara mbili ya ile ya kawaida, makusudi, nione atasemaje.

"Haina shida."

Hapo ndipo nilipopaswa kufunga duka nikaenda kulala. Badala yake nilifunga duka nikachukua kamera. Hela ya picha ina utamu wake, na mimi nilikuwa nimeshauonja.

Tulifika baada ya alasiri. Saa hiyo niliichagua mwenyewe, kwa kuwa jua likiinama vivuli vinarefuka na picha inapendeza. Shamba lilikuwa safi ajabu. Chini ya kila mkorosho mchanga ulikuwa na mistari ya ufagio, majani makavu yamelundikwa pembeni. Bwana akashika jembe mbali na mwili wake asichafue shati. Nikajisemea huyu na jembe hawajuani. Nikapiga hivyo hivyo.

Nyuma yake, kwenye mkorosho wa mwisho, mwanamke alikuwa ameinama anafagia, mgongo katugeuzia.

"Yule nani?" nikauliza.

"Kibarua tu."

Nikamwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Akaitazama kwa muda, kisha akaweka kidole juu ya yule mwanamke na kusema, "Isafishe vizuri hii, fundi."

Neno hilo ndilo lililonitia matatani. Kwa wazee wetu, kusafisha picha ni kuitoa kwenye filamu ikawa karatasi unayoweza kuitundika ukutani. Mpaka leo mzee akipigwa kwa simu anauliza itasafishwa lini. Kwetu sisi wa juzi, kusafisha ni kuondoa uchafu: chunusi, ndoo iliyosahauliwa, mbuzi aliyepita nyuma ya bibi harusi. Mimi nililielewa kwa namna yangu, kwa sababu ya kile kidole.

Jioni ile ile, katikati ya wateja wawili, nikamfuta yule mwanamke kwa simu. Nilimpangusa kwa kidole, programu ikajaza majani na mchanga mahali alipokuwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuziba pancha. Niliipenda kazi yangu, niseme kweli, hata nikamwonyesha jirani kabla ya kuichapisha kubwa na kumkabidhi bwana.

Wiki chache baadaye nikapigiwa na namba nisiyoijua.

"Wewe ndiye uliyempiga picha shemeji yangu shambani kwangu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

Nikakata. Simu za kuanza na "wewe ndiye" nazijua, za matapeli, mwisho wake huwa "ile hela tuma kwa namba hii". Akapiga tena, nikakata tena. Kesho yake akatokea dukani mwenyewe, kanga mbili, vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanikatia simu?"

Akanieleza akiwa amesimama. Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Mikorosho ile waliipanda pamoja, yeye akimwagia maji miche kwa kopo. Sasa shemeji yake amekwenda baraza la kata kusema kwamba mjane amelitelekeza shamba na yeye ndiye anayelihudumia. Ushahidi wake ni picha kubwa, yuko peke yake na jembe katika shamba lililofagiwa, na namba yangu nyekundu iko pembeni, ndiyo aliyosomewa na mtu wa baraza.

"Siku ile nilisikia pikipiki, nikaona watu wawili," akasema. "Kwa hiyo nilikuwepo. Hukuniona?"

Nikamwambia nitaangalia. Hata yeye nilimshuku, Mungu anisamehe. Hakulia, na mimi nilizoea kudhani mjane mwenye haki lazima alie.

"Wakiipokea ile picha," akasema, "wanangu watakula nini? Sina shamba jingine." Kisha akaenda zake kutafuta usafiri.

Nikawasha kamera. Picha ya kwanza, ile isiyoguswa, ilikuwa bado kwenye kadi, na yeye yumo, ameinama. Nilijisikia vibaya hata mteja aliyekuja kutaka plagi nikampa balbu.

Siku ya baraza nilikaa benchi la nyuma, kamera mapajani. Picha ya shemeji ilikuwa mezani kwa wazee wa baraza, na katibu, mama mmoja mwenye miwani, ndiye aliyeniuliza.

"Picha hii umeipiga wewe?"

"Ndiyo."

"Na kuisafisha umeisafisha wewe?"

"Ndiyo, niliisafisha."

Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikaona wamenielewa vingine kabisa. Kwao nilikuwa nimesema kwamba niliitoa kwenye mashine kwa mkono wangu, basi ni picha halali. Ningeweza kukaa kimya. Wateja wangu wote wangebaki, na hakuna ambaye angejua. Nikamtazama yule mama. Alikuwa anatazama meza.

"Wazee, niliisafisha maana yake nilimfuta mtu," nikasema. "Huyu mama alikuwemo." Nikapeleka kamera mbele, nikawaonyesha picha ya kwanza.

Nilitegemea mambo yaishie hapo. Mzee mmoja akaishika kamera, akaitazama, akanirudishia.

"Kijana, kama unaweza kumtoa mtu kwenye picha, utashindwaje kumweka?"

Watu wakaanza kunong'ona nyuma yangu, na mmoja akasema wazi, "Kalipwa huyo." Shemeji naye akasimama, anatabasamu.

"Wazee wangu, mimi nilimwambia aisafishe tu. Nani hapa hajasafishiwa picha maishani mwake?"

Wakacheka. Shuku zangu zote za maisha zilikuwa zimerudi kukaa juu ya kichwa changu, na zilikuwa na haki. Nilitamani niwe kule dukani kwangu nikigombana na mtu kuhusu bei ya cheni.

Yule mama akaomba picha ile kubwa aishike. Tangu shauri lianze alikuwa ameiona kwa mbali tu. Akaisogeza karibu na dirisha, akaigeuza kidogo, akakaa nayo muda mrefu hata katibu akataka kumharakisha.

"Mimi mmenitoa," akasema. "Mbona kivuli changu mmekiacha?"

Katibu akainuka na miwani yake. Kwenye mchanga mweupe, kutoka mahali palipokuwa pamejazwa majani ya uongo, kilikuwa kimelala kivuli kirefu cha mtu aliyeinama, kanga imefungwa kiunoni, ufagio mkononi. Cha shemeji kilikuwa pembeni, kimeanzia miguuni pake, na jembe lake. Mimi niliyeitazama picha ile mara kumi kwa kuipenda sikuwa nimekiona.

"Hicho cha mti," shemeji akasema haraka.

"Mti unafagia?" katibu akamuuliza.

Safari hii walicheka kwa namna nyingine. Picha ilikuwa yake, aliileta mwenyewe, na hakuweza kusema kwamba mimi nimekiweka kivuli. Wazee walitoka nje, wakarudi, wakaandika kwamba anayelihudumia shamba ni mjane na asibughudhiwe.

Nilimfuata yule mama mpaka barabarani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi, yakanipotea yote.

"Nisamehe, mama. Nilikufuta."

Alikuwa anakunja kanga yake ya juu. Akanitazama mimi, akaitazama kamera.

"Nashukuru Mungu, mwanangu," akasema, "kazi yenyewe hujaijua."