Mujapani Ukutani Mwangu

Kila asubuhi, katika nyumba yangu ya mutaa wa Bigo, mama alikuwa na kazi moja: kugeuza picha yangu itazame ukuta. Nikienda mutaa wa Lumumba kufundisha kuchora, anaigeuza. Nikirudi, naigeuza tena. Ee Mungu, nilichoka! Vita ilimutoa kwetu Djugu, nyumba ikaungua, baba akafa, na mimi nilimupokea kwa mikono miwili. Lakini picha yangu, aache!

Ni picha ya Wajapani, imechapwa kwa mbao za kuchonga. Niliachiwa na padri aliyenifundisha kuchora. Mutu wake amevaa nguo ya bulu iliyofifia, rozari ya dini yao mukononi, kitambaa cha zambarau kwenye paji. "Iko mami wata, shetani wa maji," mama akasema, na siku moja akaleta wamama wa chumba cha maombi waichome.

Mimi mujinga nikaanza kuwafundisha. Nikasema huyu si mwanamuke, ni mwanaume. "Yesu!" wamama wakapaza sauti. Nikasema ni muigizaji wa kabuki, michezo ya jukwaani ambako wanaume wanacheza hata nafasi za wanawake, na kile kitambaa kinaficha pale aliponyolewa kama mwanaume. "Shindwa!" Nikasema, tena amekufa, bulu hii ni nguo ya marehemu. Wakasimama wote, na kiongozi wao akatoa kiberiti. Kila nilipoeleza, niliongeza kuni.

Nikapasuka. "Muigizaji akikufa, waliomupenda walitaka kitu cha kubaki nacho nyumbani! Hata sura haikufanana sana. Walimujua kwa alama ya ukoo wake, hii hapa kwenye mukono wa nguo. Ni picha ya matanga, basi!"

Mama akachukua kile kiberiti mukononi mwa kiongozi. "Siye tulimulilia muzee bila picha," akasema. Kweli, picha zote za baba ziliungua na nyumba. Kwenye meza ya matanga tuliweka Biblia tu. Wamama wakaaga taratibu, wakaenda.

Jioni mama akaniletea karatasi. "Chora baba yako." Nikachora. "Pua si hii." Nikafuta. "Mudomo si huu."

"Basi uniambie ulikuwa namna gani!" nikamufokea. Alikuwa hajui tena. Na mimi, mwalimu wa kuchora sura za watu, sikujua.

"Acha sura," akasema mwishoni. "Weka koti yake. Kwenye kiwiko nilishona kiraka cha kitenge, kule kwetu hakuna mutu asiyekijua." Nikakichora. "Kushoto! Mutoto gani weye!" Nikakihamisha. Akakitazama, akafunika mudomo kwa mukono, akalia vile hakulia hata siku ya kumuzika.

Sasa baba yuko ukutani pembeni ya Mujapani, bila uso. Asubuhi, nimechelewa, niko mulangoni tayari, sauti ya mama inanifuata: "Weye! Unapita baba yako bila kumusalimia?"

Narudi, namusalimia.