Hodi Tatu kwenye Blogu

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Msasani hapa Tukuyu, na sijawahi kumwambia mteja athibitishe kwanza kwamba yeye si mashine ndipo nimpime kiuno. Waliotengeneza hizi blogu wana adabu ndogo kuliko mbuzi wa jirani yangu. Mbuzi akikuzibia njia, walau hakuulizi neno la siri.

Blogu iliyonitoa jasho ni ya binti wa mama mmoja mzee wa Lufingo. Mama huyo huleta ndizi gulioni, akimaliza huja kupumzika barazani kwangu, na kwa kuwa hajui kusoma, mimi humsomea kwenye simu yale anayoyaandika mwanawe huko Dar es Salaam. Binti anaandika vizuri, sitamnyima haki yake. Anaandika habari za mvua yetu isiyokatika, za mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, za matope ya njia ya shambani. Mama husikiliza huku akitikisa kichwa, mara nyingine akicheka peke yake.

Siku moja nikafika mahali alipoandika kuhusu harusi yake. Alisema kiti cha mama yake kilikaa kitupu siku nzima, na kwamba mama asiyekwenda kwenye harusi ya mwanawe wa pekee hana haja ya kuijua namba yake mpya ya simu. Nilitamani niyameze hayo maneno, lakini yalikuwa yameshatoka.

Mama alinyoosha mguu wa kulia, ule anaochechemea nao. "Mwambie niliteleza na mkungu wa ndizi," alisema. "Mfupa ulivunjika wiki moja kabla ya harusi. Nikakataza watu wasimwambie, asije akaolewa analia. Mwambie hivyo tu, fundi."

Namba hakuna, anwani hakuna. Mlango uliobaki ni kile kisanduku cha maoni chini ya makala. Nikajisemea, hii kazi ya dakika mbili. Thubutu!

Kwanza walitaka nifungue akaunti. Ya nini? Nataka kusema neno moja, sihamii kwao. Haya, nikafungua. Wakataka neno la siri lenye herufi kubwa, ndogo, namba na vialama. Nikaliweka, wakasema ni dhaifu. Dhaifu wao! Kisha wakaniletea vipicha, nichague vyote vyenye bomba la zimamoto. Nimezaliwa Tukuyu, naelekea kuzeekea Tukuyu, bomba la zimamoto lililosimama kando ya barabara sijaliona kwa macho yangu. Nikabonyeza kila chekundu, wakanikataa. Nilipopita, tena kwa kubahatisha, ukurasa ukajifungua upya na kisanduku kikarudi cheupe, habari yote ya mguu imekwenda na maji. Mama akauliza, "Amejibu?" Nikamwambia mtandao una wazimu.

Kabla sijajaribu tena, binti akahamishia blogu yake kwenye jukwaa lingine. Aliandika kwa furaha kwamba amepata nyumba mpya. Hongera! Akaunti yangu ya kule huku hawaitambui. Yaani mtu atoke gulio la hapa aende la Kisiba, aambiwe jina lake limekwisha nguvu njiani. Huku walitaka jina, barua pepe na anwani ya tovuti yangu. Tovuti! Mimi nina cherehani na pasi ya mkaa. Nikaandika "Sina", wakanijibu kwa maandishi mekundu kwamba anwani hiyo si sahihi. Watu gani hawa, hata "sina" hawaijui? Nilipoacha pale patupu, wakakubali.

Na hapo ndipo nilipojiona mwerevu. Babu zangu walitoka pwani, na nyumbani tulifundwa kwamba mtu habwagi mzigo wa maneno mlangoni kwa watu. Unapiga hodi, unangoja karibu, unakaa, unaulizwa habari, ndipo unasema lililokuleta. Na hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikiwa, unageuka unakwenda zako. Mama alisema, "Andika habari ya mguu, fundi, yaishe." Nikamjibu kwa maringo, "Mama, wenye mtandao hawana adabu, lakini sisi tunayo." Penye jina nikaweka Fundi. Penye maoni nikaandika: Hodi.

Ukurasa ukaniambia maoni yangu yanasubiri kuidhinishwa. Lo! Hodi haiidhinishwi, hodi huitikiwa. Gulio lililofuata nikaandika, Hodi hapa. Kimya. La tatu nikaandika, Hodi wenyewe. Kila mara mama alikaa kwenye kiti cha wateja, kikapu kitupu mapajani, akiikodolea macho simu yangu.

Gulio la nne tukakuta makala mpya, fupi. Nikaisoma kwa sauti kabla sijaipitia, kosa lilelile. Binti aliandika kwamba kuna mtu anayejiita Fundi anamsumbua, kila wiki hodi, hodi, wala hasemi shida yake, na kwa jinsi matapeli walivyozidi ameamua kufunga maoni moja kwa moja. Nikashuka mpaka chini ya ukurasa. Kisanduku hakipo.

Nilitukana. Nilitukana jukwaa la kwanza, nikatukana la pili, nikayatukana na mabomba ya zimamoto, mpaka mteja aliyefuata suruali yake akasema atarudi kesho. Aliyestahili matusi nilimruka. Mlango ulikuwa wazi wiki tatu nzima, nami nikasimama nje naonyesha adabu.

Mama hakumtukana mtu. "Ameandika kwamba alisikia hodi?" aliuliza.

"Alisikia, mama. Zote tatu."

Akaukunja mguu polepole, akachukua kikapu chake. Uso wake ulikuwa umekunjuka, nami nikaona aibu kuutazama.

"Ndaga, fundi," alinishukuru kwa Kinyakyusa. "Basi ni kwamba hakujua ni mimi. Angejua ni mimi, angeitika."

Akashuka barazani akichechemea kwenye manyunyu. Nikabaki na simu mkononi. Hodi tatu nilizipiga kwa jina langu. La mama yake sikuliandika hata mara moja.