Mshono wa Nomakhwezi

Mwaka ule wa 2009, matajiri wa ng'ambo walipoacha kununua magari, Nomakhwezi Tyhali wa mtaa wa KwaNobuhle, kusini kabisa mwa Afrika, alimwaga unga. Miaka kumi na sita alikuwa ameshona viti vya magari katika kiwanda kimoja mjini Uitenhage. Ngozi, kitambaa, uzi mnene, vyote vidole vyake vilivijua kama ulimi unavyoyajua meno. Uchumi umeanguka, wakaambiwa. Benki za huko mbali zimekopesha watu nyumba wasizoweza kuzilipia. Siku ya mwisho meneja alisoma hotuba, akasema ninyi ni familia yetu, kisha akaigawia familia hiyo miavuli yenye nembo ya kiwanda, na lango likafungwa.

"Nyumba wanunue wao Amerika," Nomakhwezi alimwambia mwenzake wakitoka, "mwavuli nipewe mimi."

Mwaka uliofuata redio ikatangaza kwamba uchumi umepona. Wakubwa wakapeana mikono. Labda ulipona kweli, ila ulipoinuka ulisahau kuwachukua watu. Nomakhwezi alizunguka viwanda vyote, kisha akavizunguka tena, hata walinzi wakawa wanamtikisia kichwa angali mbali, asijichoshe kufika langoni. Mwaka wa sita ulimkuta katika chumba cha nyuma kwa mdogo wake Nolubabalo, akila chakula cha shemeji.

Shemeji mwenyewe, Mzukisi, alikuwa karani katika ofisi ya diwani. Kazi hiyo alipewa na binamu yake, lakini kila alipoitaja aliiita jasho lake.

"Kazi zipo, MamTolo," alimwambia asubuhi moja, akimwita kwa jina la ukoo kama adabu inavyotaka, huku shavu limevimba andazi. "Watu wa siku hizi ndio hawataki kujishughulisha."

"Kweli kabisa, shemeji. Wewe ulijishughulisha mpaka ukazaliwa ukiwa na binamu."

Nolubabalo alikimbilia jikoni kucheka. Mzukisi hakucheka. Wiki hiyo hiyo alimwandikisha Nomakhwezi katika mafunzo ya kuwaamsha wasio na kazi, kama kwamba walikuwa wamelala.

Mkufunzi aliitwa Lwandile, kijana wa viatu vilivyochongoka kiasi cha kuulia mende kwenye pembe ya ukuta. Aliwagawia kalamu za rangi wachore ndoto zao. Watu wazima arobaini, wengine wana wajukuu, wakapiga magoti sakafuni wakichora nyumba na jua. Siku ya tatu akataka kila mmoja asimame aseme kwa nini hana kazi. Alianza mzee wao, Tata Gqirana, fundi bomba aliyeunganisha maji nusu ya mtaa. Mzee wa watu akasema, kwa sauti ndogo, "Sikujiamini vya kutosha." Akapigiwa makofi. Nomakhwezi aliinamisha uso, maana aibu ile ilimchoma kuliko yake mwenyewe.

Zamu yake ikafika. "Mimi sina kazi kwa sababu kiwanda kilifungwa."

"Hiyo ni sababu ya nje, mama," alisema Lwandile akitabasamu. "Tafuta ya ndani."

"Ndani nina ini na figo, mwanangu. Hazijawahi kumfukuza mtu kazi."

Ukumbi ulicheka mpaka Tata Gqirana akafuta machozi. Lakini cheti hakupewa.

Mwezi wa tisa kiwanda kingine cha viti kikatangaza nafasi arobaini. Foleni ilianzia langoni ikafika kwenye reli. Siku ya nne Nomakhwezi akaitwa ndani. Msichana wa ofisi alipekua karatasi zake, akakunja kipaji cha uso.

"Miaka sita hii, mama, ulikuwa wapi?"

"Nje ya lango lenu."

Msimamizi wa mashine, Kleinhans, mtu wa makamo mwenye miwani, akamketisha kwenye cherehani ampime. Mguu ukakanyaga, kitambaa kikateleza, kona ikageuka bila kukunjamana. Kleinhans alikiinua kile kipande kwenye mwanga, akakigeuza, akapiga mluzi. "Miaka mingi sijaona mkono kama huu," alisema.

Msichana akamnong'oneza. Serikali hupunguza kodi kwa anayeajiri vijana, na Nomakhwezi ana miaka arobaini na saba. Kleinhans akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu.

"Pole, mama. Lakini kipande hiki tuachie. Tutakibandika ukutani, wale wapya wajifunzie."

Nomakhwezi akachukua wembe uliokuwa mezani, akaketi vizuri, akaanza kufumua. Uzi mmoja baada ya mwingine, bila haraka, ofisi nzima imesimama. Alipomaliza aliweka vitambaa viwili upande mmoja na fungu la nyuzi juu ya karatasi ya msichana.

"Haya, wafundisheni kwa hizi."

Alivuka lango kichwa juu. Penye reli akapeleka mkono puani kujikuna, akasikia harufu ya mafuta ya cherehani kwenye vidole. Hapo ndipo alipolia, akijitukana kwa kulia.

"Kiburi hakiliki," Mzukisi alimwambia alipopata habari.

"Fedheha inalika, shemeji? Mimi nimeila miaka sita, sijanenepa."

Tangu siku hiyo hakwenda tena kwenye mafunzo wala kwenye malango. Mwaka uliofuata, akiwa anaanika nguo uani, akaja kijana wa takwimu na maswali yake.

"Wiki nne zilizopita umetafuta kazi, mama?"

"Hapana."

"Basi huhesabiwi katika wasio na kazi. Nakuandika kwenye waliokata tamaa."

"Kwa hiyo nikiacha kutafuta, wasio na kazi wanapungua?"

"Kwenye hesabu, ndiyo."

"Waambie wakubwa wako wanishukuru. Na hapo usiandike nimekata tamaa. Andika nimewachoka."

"Hakuna kisanduku cha hivyo, mama."

Akatia alama pale pale alipokusudia tangu mwanzo, akaomba maji. Nomakhwezi akampa kikombe, akangoja amalize, akarudi kwenye kamba yake ya nguo.