Nilivyogeuka Mama Kavira

Miaka sita sasa nafundisha utengenezaji wa programu katika chuo kimoja hapa Butembo, na kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu sentensi ileile, kwamba kuchambua kazi ni jambo moja na kuisanifu ni jambo lingine, kwa hiyo kadirieni aibu yangu ninapowasimulia kwamba mimi, mwalimu mwenyewe, nilitolewa nje ya kanisa moja kule Beni, na suti yangu na tai yangu, kwa kosa hilohilo.

Niwaeleze taratibu, maana si wote mnaoshinda mbele ya kompyuta. Ukichambua, unaitazama kazi ya watu jinsi ilivyo: kuna nani, kuna vitu gani, nani anafanya nini. Unachora. Kisha inakuja hatua ya kusanifu (wanafunzi wangu huiita conception), ambapo unajiuliza: humu ndani ya mashine, kila kazi nimpe nani ili mambo yaende? Ni maswali mawili. Mimi nilijibu la kwanza, nikaona mchoro wangu umependeza, nikaruka la pili.

Mchoro wenyewe ulikuwa wa depo ya viazi inayoongozwa na Mama Kavira. Magunia yanatoka Masereka kwa lori, na hakuna gunia lililowahi kuingia mle bila yeye kulibonyeza, kulinusa mdomo na kusema, "Ingia." Ndiyo desturi ya pale, na ndiyo maana mama huyu hakuwa na sikukuu wala msiba, hata ubatizo wa mjukuu wake aliuacha katikati. Sasa binti yake Kahindo alikuwa anaolewa Beni.

"Prof," aliniambia, "mie nataka siku moja tu. Nikae kanisani kama mama ya bibi-arusi, hapana kama mulinzi wa viazi."

Nikamwahidi. Siku moja huru, mashine itafanya kazi.

Basi nikaenda depo kuuliza maswali, na kila niliyemuuliza alinijibu, "Uliza Mama Kavira." Nani anapima? Mama Kavira. Nani anakataa viazi vilivyooza? Mama Kavira. Kwenye mchoro wangu kulikuwa na Gunia, Lori, Mkulima, na katikati Mama Kavira, mishale yote inamwelekea yeye kama nzi na papai. Nami nikauhamisha mchoro huo ndani ya programu kama ulivyo! Gunia langu halikujua hata uzito wake lenyewe. Lilipaswa kumuuliza Mama Kavira. Na asipokuwepo (hapa nilijiona nina akili nyingi sana), mashine imtumie ujumbe kwenye simu, ajibu NDIYO, gunia liingie. Nililijaribu gunia moja, likapita, nikajipigia makofi.

"Mama, hapana zima simu," nilimwambia kwenye mlango wa kanisa. "Itaingia message moja tu. Unajibu ndiyo, basi."

"Moja?"

"Moja tu."

Alinikalisha benchi la pili kutoka mbele, pamoja na wajomba. Padri alipomgeukia Kahindo amuulize kama anamkubali mume wake, jogoo akawika. (Ndiyo sauti aliyoiweka Mama Kavira kwenye simu, aisikie juu ya kelele za malori.) Mama akaichomoa simu chini ya kitenge, akajibu, akatabasamu kwangu. Padri akaanza tena. Jogoo akawika. Akawika tena. Akawika mara nne bila kupumua, watoto wakaanza kucheka, na padri akashusha miwani yake akauliza, "Huyu jogoo naye mulimualika?"

Hapo simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ni Muhindo, karani wa depo.

"Prof, ordinateur, hii mashine yako, inakatala! Kila gunia inasema inangojea Mama Kavira. Camion iko inje na magunia sitini, mvua inakuya, na chauffeur iko anatutukana mpaka mababu!"

Nilijibu kwa kunong'ona, lakini kanisa zima lilikuwa kimya likinisikiliza mimi. Kwenye kwaya nikamwona mwanafunzi wangu Kasereka, ameshika kitabu cha nyimbo, ananitazama kwa huruma kubwa. Midomo yake ikasema bila sauti, "Prof, na conception?"

Mama Kavira alikuwa ameshanyanyuka. Ameshika mkoba, uso umebadilika, ule uso wa depo, anataka kutoka kama alivyotoka kwenye ubatizo. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemtengenezea: sikumpa siku huru, nilimfunga kamba ndefu ya kutoka Butembo mpaka Beni. Nikampokonya simu (mbele ya wajomba, mbele ya padri), nikasema, "Kaa, mama. Kaa," na mkuu wa sherehe akanishika mkono akanisindikiza mpaka nje kama mlevi.

Nilikaa kwenye ngazi na simu yenye maua ya waridi mgongoni. Jogoo anawika, naandika NDIYO. Anawika, NDIYO. Huko ndani nikamsikia Kahindo akisema ndiyo yake moja, vigelegele vikapanda, na mimi nilikuwa nimefika gunia la kumi na tisa.

Misa ilipokwisha Mama Kavira alikuja akasimama mbele yangu. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Prof, nimemuona mutoto wangu anaolewa mwanzo mpaka mwisho. Siku yangu nimeipata." Kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Ila leo Mama Kavira ni weye!"

Programu niliiandika upya: gunia linajua uzito wake, depo inajua masharti yake, na karani yeyote anapokea. Na siku hizi sigusi programu kabla sijakiuliza kila kitu kilichomo swali moja: wewe ukienda harusini Beni, kazi itaendelea? Kasereka ameliandika juu ya ubao wa darasa kwa rangi isiyofutika. Nimeomba lifutwe. Wamekataa.