Sababu Nilizopeleka Mogogosiek

Ndugu yangu Odongo alinitumia ujumbe mfupi: njoo, usilete wimbo, leta sababu. Nilijua ni sababu za kumwamini Mungu. Kwa miaka mingi amekuwa mwonja chai katika kiwanda kimoja kule Mogogosiek, kazi ya kuvuta chai mdomoni kwa kelele, kuizungusha kwa ulimi, kuitema na kuandika. Sasa saratani ilikuwa imefunga koo lake, hata maji yakawa ya kijiko. Mchungaji mmoja alimtembelea akamwambia kuna dhambi anayomficha Mungu, na kwamba akipanda mbegu ya sadaka koo litafunguka. Odongo alimwonyesha mlango. Kisha akamwambia mkewe, Chebet, kwamba siku yake ikifika hataki maombi wala kwaya, azikwe kimya. Chebet alilia kwa simu mpaka mimi nikakata.

Odongo mwenyewe alinipigia baadaye, sauti nyembamba kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto. "Wewe huuziwi kitu kibovu. Kama ni kweli, niambie. Kama ni huruma tu, kaa huko Ahero."

Saa kumi na mbili asubuhi niliacha kibanda changu cha mitumba kwa jirani na kuondoka. Mifuko miwili, nikahesabu tena, bado miwili. Sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza, kwamba mama yetu alituambia Mungu yupo, niliitupa kabla gari halijafika Awasi. Mama huyo huyo alituambia tukihesabu nyota tutaota chunjua. Mimi nilizihesabu, na ngozi yangu haina neno.

Kabianga nilifika kabla ya saa tano. Nilishuka hapo kumwona Koech, binamu yake Chebet, anayefundisha biolojia katika chuo kikuu na ni mzee wa kanisa pia. Tuliketi nje ya ofisi yake, kwenye benchi iliyolowa, tukaanza kama watu wa soko.

"Mama, naweza kukupa sababu saba," akasema.

"Punguza."

"Tano."

"Nipe zile wewe mwenyewe ungenunua."

Alifikiri. Akaanza na mwili wa binadamu, jinsi seli zilivyopangwa kwa ustadi, jicho, damu, yote. Hii ndiyo iliyokuwa sababu yangu ya pili, kwa hivyo nilimsikiliza vizuri. Halafu nikamuuliza, "Na saratani? Nasikia nayo ina ustadi. Ni kweli inajitafutia damu?"

Alivua miwani. "Ni kweli. Inavuta mishipa ya damu ijilishe."

"Basi nikimwambia Odongo mwili umepangwa vizuri, atanionyesha koo."

"Atakuonyesha koo," akakubali. "Iache hapa hapa Kabianga."

Niliipenda ile adabu. Muuzaji mwingine angebishana. Badala yake alinipa nyingine: kwamba ulimwengu unafuata kanuni, leo kama jana, na akili zetu zinaweza kuzisoma. Sayansi yote inasimama juu ya hilo, akasema, lakini yenyewe haiwezi kueleza kwa nini iko hivyo. Yeye akiangalia nyuma ya kanuni anaona akili.

"Na hiyo akili iliwekwa na nani?"

"Haikuwekwa. Kila mtu mwishowe hufika kwa kitu ambacho hakikuwekwa. Asiyeamini anasema ni ulimwengu wenyewe. Mimi nasema ni Mungu."

"Inathibitisha?"

"Haithibitishi, mama. Inaelekeza. Na inakuelekeza mpaka mlangoni tu, haikufikishi kwa Yesu. Yesu ni habari ya historia, mimi ni mtu wa seli." Aliponisindikiza aliongeza, "Usimwambie sayansi imethibitisha. Atakujua."

Nikaichukua, lakini kwa nusu.

Saa tisa alasiri, baada ya Litein, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye majani. Mogogosiek kuna chai pande zote, imekatwa kimo kimoja kama meza, na harufu ya majani yanayokaushwa inakupata kabla hujaona kiwanda. Chebet alinisubiri kwenye lango la shamba lao dogo. Alikuwa amekonda karibu kama mgonjwa.

"Chamgei, wifi," akanisalimu kwa Kikalenjin. Alinishika mkono asiuachilie. "Sikia. Hata ukiongeza kidogo, ongeza tu. Mungu atasamehe. Mimi siwezi kumzika kama mbwa."

Nilitembea naye kuelekea nyumbani. Mkono wake ulikuwa baridi.

Odongo alikuwa kwenye kiti sebuleni, taulo begani, mifupa ya uso nje. "Min Otieno," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "umenenepa."

"Mmoja wetu ilibidi."

Alicheka, kikohozi kikamkamata, tukangoja. Chebet alimpa kijiko cha maji. Nusu ilirudi kwenye taulo.

"Haya. Fungua mzigo."

Nilimwambia ukweli: nilitoka na tatu, mbili zikaanguka njiani, nikaokota nusu Kabianga. Nilimpa hiyo nusu kama Koech alivyonipa. Aliitikia kwa kichwa polepole. "Hiyo inaweza kuwa. Endelea."

Iliyobaki ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa nimesoma Injili zote nne upya, mahali pa kaburi tupu, nikihesabu. Mwandishi mmoja anataja wanawake watatu, mwingine wawili, mwingine mmoja. Malaika kwa huyu ni mmoja, kwa yule wawili. Nilihesabu tena, hesabu ikakataa.

"Kiwandani daftari kama hilo tunarudisha," Odongo akasema.

"Na sokoni tunaliamini. Niliwahi kuibiwa belo la nguo. Mashahidi watano wa mwizi walisema neno kwa neno, mpaka rangi ya soksi. Tukajua wamefundishwa. Walioona kitu kweli hugongana kwa madogo na kukubaliana kwa kubwa. Hawa wote wanasema kaburi lilikuwa tupu, na wote wanaweka wanawake mbele, wakati neno la mwanamke halikuwa na uzito. Wanafunzi wake wanaume wametoroka, na mkubwa wao amemkana mwalimu. Mimi nikiuza shati lenye tundu nalikunja tundu liingie ndani. Hawa wamelining'iniza nje, kisha wengine wakauawa kwa kukataa kubadili maneno."

"Watu hufia uongo kila siku."

"Uongo walioambiwa. Uongo aliopika mwenyewe, mtu akipigwa ataufia?"

"Wengine ni wakaidi."

"Wengine, ndiyo. Ndio maana sijasema nimemaliza."

Alijifuta mdomo kwa taulo. Nje mvua ilianza kupiga mabati. Kisha akagusa koo. "Na hili? Kwa nini?"

Chebet alinitazama. Nilijua anachoomba.

"Hilo sina," nikasema.

"Mchungaji alikuwa nalo."

"Alikuwa nalo. Mimi sina. Ninachojua ni kwamba Yesu mwenyewe alikufa akimuuliza Mungu kwa nini amemwacha, na hao hao wakaliandika. Anayetunga mfalme hawezi kumwekea maneno hayo mdomoni."

"Na hakujibiwa."

"Siku hiyo, hapana."

Odongo alifumba macho nikadhani amelala. Chebet alikwenda jikoni, nikasikia akigonganisha sufuria bila kupika chochote.

Asubuhi, kabla sijaondoka, Odongo alituita sote wawili. "Maombi nakubali. Mahubiri yawe mafupi. Na yule wa mbegu asishike maikrofoni." Chebet alikaa chini sakafuni.

Wiki ya tatu baada ya hapo Odongo alikufa, asubuhi, Chebet akiwa peke yake naye. Tulimleta nyumbani Ahero. Jioni kabla ya mazishi, katibu wa kanisa alikuwa akiandika wasifu wa marehemu, akamuuliza Chebet maneno yake ya mwisho.

"Aliomba," Chebet akasema. "Alisema, kama upo, na nadhani upo, kaa na huyu mama."

Katibu alisimamisha kalamu. "Mama, tuweke 'najua upo'. Waumini watatiwa nguvu."

Mimi nilikuwa hapo, nimeketi kando ya Chebet. Safari hii ilinifundisha kwamba sababu haziwezi kumbeba mtu mpaka ng'ambo. Zinamtoa tu mahali alipokwama, na hatua inayobaki ni yake. Pia ilinifundisha kwamba aliyepewa ushuhuda mdogo lakini wa kweli hana ruhusa ya kuuongeza uzito.

Chebet aliivuta karatasi kwake akaisoma, kisha akaisoma tena.

"Alisema nadhani," akamwambia. "Andika nadhani."